Ngozi ya sikio la Maua: barua ya wazi kutoka Lamu kuhusu kunakili viumbe

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo na mifugo. Kwa wabunge na maseneta. Kwa Gavana wa Lamu na wawakilishi wa wadi. Na kwa wakuu wa taasisi zinazofanya utafiti wa mifugo humu nchini.

Assalaam alaykum waheshimiwa.

Ninawaandikia kutoka Langoni, kisiwani Lamu. Nasomesha bayolojia shule ya upili, lakini kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa mtoto wa nyumba ya punda. Babu yangu alibebesha punda boriti na mawe, baba yangu amebebesha mchanga na saruji, na karo yangu yote ilitoka ndani ya shogi, mfuko wa mizigo wa punda. Jambo ninalolileta kwenu, kunakili viumbe, yaani kuzalisha pacha wa kiumbe kutoka katika mwili wake, nimelijulia ubaoni na nimelijulia uani.

Asubuhi moja, miezi michache iliyopita, vijana wawili walishuka gatini na sanduku la barafu. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, wakauliza ni nani mwenye punda wenye nguvu wasiougua ovyo. Watu wakawaelekeza kwa baba. Baba ana punda wanne, na aliye bora wao ni jike aitwaye Maua. Ana miaka kumi na minne. Miguu yake haijapata kuvimba, na mwaka ule punda wa mtaa mzima walipoangushwa na kukohoa, yeye alikuwa akipanda na mzigo wake kama kawaida.

Vijana walimsifu sana, wakasema wanahifadhi "mbegu bora", wakaomba kuchukua kipimo kidogo. Baba alidhani ni watu wa chanjo, akawaambia bismillahi. Mmoja akamshika Maua sikio, akalifuta kwa pamba yenye spiriti, akalibana kwa kifaa mfano wa kile cha kutobolea karatasi. Kilichotoka hakikuzidi punje ya mchele. Akakitumbukiza katika kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, akaandika namba, akafunga. Wakampa baba shilingi mia mbili, wakaenda zao. Hawakuacha jina wala karatasi.

Baba aliponihadithia jioni, nilimuuliza mara mbili kuhusu rangi ya maji yale. Mtu anayetaka kusoma jeni tu, ajue ukoo wa punda wa Lamu umetoka wapi, huweza kutia ngozi katika spiriti kali na kazi yake ikaenda vizuri, kwa maana hana haja na seli hai. Maji ya waridi kwa kawaida ni chakula cha seli. Anayetia ngozi humo anataka seli ziendelee kuishi, zigawanyike, kisha zigandishwe na kuwekwa miaka na miaka. Siwaiti wezi. Huenda ni watafiti wema waliosahau adabu ya kuaga. Lakini leo seli hai za punda wa baba yangu ziko mahali nisipopajua, mikononi mwa watu nisiowajua, na nilipopiga simu kwenye afisi niliyodhani inahusika niliambiwa hakuna mwenye habari.

Naomba nieleze kwa nini kipande cha ngozi kinaninyima usingizi, kwa sababu si kila mmoja wenu alisomea mambo haya, na si haki kumlaumu mtu kwa asichofunzwa.

Kila seli ya ngozi ya Maua imebeba maelezo kamili ya kumuumba Maua. Yale ya moyo yamo, ya kwato yamo, ya meno yamo. Ila seli ya ngozi imeyafunga yasiyoihusu, inasoma ya ngozi tu. Kwa muda mrefu wanasayansi wengi waliamini kwamba seli ya mnyama ikishakomaa, yaliyofungwa hayafunguki tena. Mwingereza John Gurdon alionyesha kwa vyura, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1962, kwamba yanafunguka: alitoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia katika yai lililoondolewa kiini chake, akapata chura. Nobel akaipata mwaka 2012, nusu karne baadaye. Kwa wanyama wanyonyeshao, mlango ulifunguka tarehe 5 Julai 1996 huko Roslin, Uskoti. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita wa aina ya Finn Dorset, mwenye uso mweupe. Kondoo mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Seli zake zilikuwa zimehifadhiwa kwenye barafu. Wakaiunganisha seli ile, kwa mshtuko mdogo wa umeme, na yai tupu la kondoo mwenye uso mweusi. Yai likaanza kugawanyika kana kwamba dume limepita. Kiinitete wakakitia katika tumbo la kondoo mwingine mwenye uso mweusi. Mimba ilipotimia, mama mwenye uso mweusi akazaa mtoto mwenye uso mweupe. Huyo ndiye Dolly.

Jamii ya punda haikukawia. Mwaka 2003, mwezi wa Mei, chuo kikuu cha Idaho huko Marekani kilizalisha nyumbu kwa njia hiyo, na nyumbu, kama mjuavyo, ni nusu punda. Wiki chache baadaye huko Cremona, Italia, akazaliwa farasi Prometea, naye alitoka katika seli ya ngozi. Jambo la Prometea huwaduwaza wanafunzi wangu kila mwaka: aliyembeba tumboni ni yule yule farasi aliyetolewa ngozi. Alimzaa pacha wake mwenyewe.

Basi ngozi ya sikio la Maua, ikiwa hai, ni Maua anayengoja yai na tumbo.

Sasa hesabu. Dolly alipatikana katika mayai 277 yaliyounganishwa. Viinitete 29 tu ndivyo vilivyofaa kutiwa matumboni mwa kondoo, na mtoto akawa mmoja. Prometea alipatikana katika viinitete 841 vilivyotengenezwa. 22 tu ndivyo vilivyokua kufikia kiwango cha kuweza kupandikizwa. Mbinu zimeboreka tangu siku hizo, hilo nakubali. Tena nawasahihisha wanaosema kila nakala huzeeka haraka. Dolly alikufa Februari 2003 akiwa na miaka sita, kwa uvimbe wa mapafu unaoletwa na kirusi cha kondoo, lakini dada zake wanne waliotokana na seli zile zile walichunguzwa huko Nottingham, na ripoti ya 2016 ikasema wameingia uzeeni wakiwa na afya nzuri. Lililobaki bila ufumbuzi ni njiani kabla ya kuzaliwa. Yai haliwezi kila mara kufuta alama zote za seli ya zamani. Mimba nyingi hutoka. Kwa ng'ombe hutokea ndama mkubwa kupita nyonga za mama yake, kondo la nyuma lililojaa maji, kitovu kinene kisichofunga. Anayelipa hapo ni mama aliyepewa mimba isiyo yake.

Na mama huyo mimi namfahamu. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima. Maua alipozaa mara ya mwisho, baba alikesha naye uani siku nne, kandili imetundikwa kwenye msumari, kwa sababu punda hupenda kuzaa usiku watu wakilala. Alizaa karibu na alfajiri. Zilitangulia kwato mbili ndogo, laini kama jibini, kisha pua juu yake. Kitoto kilipodondoka, Maua aligeuka akakilamba mpaka kikasimama, nacho kikaanguka, kikasimama tena. Baba hakuondoka. Alikaa akingoja kondo la nyuma litoke lote, akalitandaza chini akalikagua kwa mwanga wa kandili kama mtu anayekagua mkeka kama umetoboka, kwa sababu kikibaki kipande ndani, punda anakufa.

Mwaka ule Maua hakubeba mizigo mizito miezi ya mwisho, na nyumbani tulijua. Sasa nawauliza watakaoleta mradi wa kunakili mifugo: matumbo yatatoka wapi? Hayatatoka maabara. Yatakodiwa kwa watu kama baba. Mimba ikiharibika mwezi wa tisa au wa kumi, nani atafidia mwaka wa punda na mwaka wa nyumba inayomtegemea? Hili sijaliona likijibiwa katika mazungumzo yoyote ya mambo haya, nami naliona ndilo la kwanza.

La pili ni lile mama yangu alilolijua kabla yangu, ingawa hakupata kulisoma.

Mama ana shamba huko Hindi, bara ya Lamu. Alipanda muhogo wa kibandameno, ule mtamu, unaoiva upesi na kupikika laini. Mbegu ya muhogo si mbegu: unakata shina, unachomeka ardhini, linachipua mwili ule ule. Mama alipewa vijiti na jirani, jirani alipewa na shemeji yake, na shemeji sijui alipewa na nani. Shamba zima lilikuwa mmea mmoja ulioenea. Siwaambii hili kwa mfano. Ndivyo ilivyo kisayansi, shamba la muhogo ni shamba la nakala, na watu wetu wamenakili mimea vizazi kwa vizazi. Mgomba nao ni hivyo hivyo, unamega chipukizi unahamisha. Embe la kubebesha pia. Kwa hiyo anayesema kunakili ni uzushi wa Wazungu, na anayesema kila kunakili ni kuingilia kazi ya Mungu, wote wawili wakaangalie konde za bibi zao.

Mwaka mmoja majani ya chini yakaanza kufanya umanjano kandokando ya mishipa. Mama hakushtuka, shina zilikuwa nene na majani ya juu mabichi. Siku ya kuvuna akang'oa, akakata mhogo wa kwanza katikati. Ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome, yamesambaa ndani ya weupe. Akakata wa pili, akakuta yale yale. Alikaa chini akakata mizizi ya mstari mzima, mmoja baada ya mmoja, bila kusema neno, na rundo la mihogo isiyolika likapanda mpaka magotini mwake. Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza huko Amani, Tanganyika, mwaka 1936. Unaenezwa na nzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe tunapogawana vijiti. Kwa kuwa mimea yote ilikuwa mmoja, hakukuwa hata mmoja uliosimama. Majirani waliokuwa wamechanganya mbegu walivuna angalau nusu.

Wataalamu wa utafiti wa kilimo pale Mtwapa wamefanya kazi kubwa ya kutafuta aina zinazostahimili, na mama leo anapanda aina tatu katika shamba moja. Hakulazimishwa na mtu.

Ndizi zimewafundisha somo hilo matajiri pia. Ndizi ya biashara iliyojaza meli za dunia kabla ya miaka ya 1960 ilikuwa Gros Michel, nakala tupu, na mnyauko wa Panama ukaimaliza mashamba kwa mashamba. Wakahamia Cavendish, nakala nyingine, na leo aina mpya ya mnyauko ule ule inaifuata. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa imefika Msumbiji.

Waheshimiwa, hofu yangu kuhusu nakala za wanyama ndiyo hiyo hasa. Siogopi kwamba Maua wa pili atakuwa jini. Atakuwa punda, atakula nyasi, atakufa. Naogopa siku tutakapokuwa na Maua mia tano, na kukohoa kule kukarudi kwa sura ambayo Maua haiwezi. Leo kisiwa hiki kina punda maelfu, hawafanani kwa rangi, kwa kimo wala kwa ukaidi, na ndiyo maana maradhi yakipita yanachukua baadhi na kuwaacha wengine. Anayetuuzia "mbegu bora" moja, hata kwa nia njema, anatuondolea bima tuliyopewa bure.

Sitaki mnione mpinga sayansi. Miaka kadhaa iliyopita, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pale Nairobi ilitangaza kuzaliwa kwa ndume wa Boran, aina ya ng'ombe, aliyenakiliwa, wakamwita Tumaini. Nilifurahi, nikabandika picha yake darasani. Lengo lao lilikuwa jema: kutengeneza njia ya kupata ng'ombe asiyeuawa na nagana, kwa kutumia jeni kutoka kwa nyani, kwani nyani hawadhuriki na vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Mtu asiyefuga maeneo ya mbung'o hawezi kujua nagana ni adui wa namna gani. Huku kwetu, kandokando ya misitu ya Boni na Dodori, ng'ombe hukonda mbele ya macho ya mwenyewe, manyoya yakasimama, maziwa yakakatika, kisha akalala.

Lakini hebu niwakumbushe jambo. Nyuma ya Malindi, katika ranchi ya Galana, watafiti wa Kenya katika miaka ya 1980 waliwalinganisha Boran wa kawaida wa ranchi na ng'ombe wa Waorma, majirani zetu wa Tana. Wakakuta ng'ombe wa Waorma wanavumilia nagana vizuri zaidi. Hakuna aliyewatia jeni. Waorma wamewachunga karne nyingi kwenye mbung'o, aliyekufa amekufa, aliyebaki amezaa. Hazina ambayo maabara inaitafuta ilikuwa imesimama kwenye vumbi la njia ya Garsen. Je, wafugaji hao wamepata nini kwa ujuzi wao? Na ukame unapowafagia ng'ombe wao, kama ulivyowafagia mara nyingi, ni nani anayehesabu kilichopotea? Nakala ya Boran mmoja inahitaji mamilioni. Kumsaidia Muorma asiuze ndume wake wa mwisho wakati wa kiangazi kunahitaji majani na maji. Naomba bajeti zenu zisianze na la kwanza zikalisahau la pili.

Kuna jambo lingine linalonifanya niandike leo, nisingoje. Punda wa Kenya wameonja msiba mkubwa. Machinjio yaliporuhusiwa, ngozi zikapelekwa China kuchemshwa dawa iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa mifugo nchini, KALRO, iliripoti kwamba kuanzia 2016 mpaka mwisho wa 2018 walichinjwa punda 301,977, sawa na asilimia 15 na ushei ya punda wote wa nchi, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikatengua mwaka uliofuata, kisha Umoja wa Afrika Februari 2024 ukaamua kusimamisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Alhamdulillahi. Mimi nasikia sasa maneno mapya yakinong'onwa: kwamba punda wakipungua si hoja, watazalishwa maabara, biashara iendelee bila kugusa punda wa mtu. Msiyakubali maneno hayo. Punda wa nakala bado anahitaji yai na tumbo la mnyama hai kwa mwaka mzima. Ahadi hiyo ni ya kututuliza tu ili mlango wa machinjio ufunguliwe tena.

Wapo watakaotaja faru weupe wa kaskazini. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018, wakabaki Najin na binti yake Fatu. Kazi ya kutoa mayai, kutengeneza viinitete na kutafuta faru wa kusini wa kuvibeba naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa hawa hawana njia nyingine. Ila nendeni mkasome habari ya mbuzi mwitu wa milima ya Pireneo, aliyeitwa bucardo. Wa mwisho, jike Celia, alikutwa amekufa Januari 2000. Wahispania walikuwa wamehifadhi ngozi ya sikio lake, sikio kama hili la Maua. Mwaka 2003 wakamzalisha pacha wake, akaishi dakika chache, mapafu yakashindwa. Aina hiyo ikatoweka mara mbili. Na hata angeishi, angekuwa jike bila dume. Sisi hapa mpakani na Garissa tuna hirola, swala ambaye asili yake ni upande huu wa Kenya na Somalia tu, na waliobaki wanahesabika kwa mamia. Hirola hajafikia kuhitaji maabara. Anahitaji nyika yenye nyasi, na hilo mnaliweza leo.

Kuhusu binadamu nitasema machache, kwa sababu hapo sina shaka na sidhani mnayo. Kwetu Lamu swali la kwanza kwa mgeni ni "wewe ni mwana wa nani?" Mtu aliyenakiliwa hana jibu: aliyetoa seli ni pacha wake, aliyetoa yai si mama kamili, aliyembeba ni wa tatu. Nasaba imekatika. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliharamisha kunakili binadamu, likaruhusu kwa mimea na wanyama kwa maslahi na kwa mipaka ya sharia. Mwaka huo huo UNESCO nayo ikasema kunakili binadamu ili azaliwe mtu kusiruhusiwe. Na kumbukeni kashfa ya Korea Kusini ya 2004 na 2005: daktari Hwang Woo-suk alidai amenakili viinitete vya binadamu, ikabainika ni uongo, na ikajulikana kwamba baadhi ya mayai yalitoka kwa wanawake wadogo kicheo waliofanya kazi chini yake. Palipo na uhaba wa mayai, wanyonge ndio huombwa kwanza.

Sasa nifike kwenye sheria, ambako ndiko ninakowahitaji.

Tunayo Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009. Inahusu viumbe waliobadilishwa jeni, na yenyewe inawaeleza kuwa ni wale wenye mchanganyiko mpya wa jeni. Nakala safi haina mchanganyiko mpya. Kwa maana yake ni mchanganyiko wa zamani uliorudiwa. Kwa kusoma kwangu, ndume aliyebadilishwa jeni moja atapita kwenye vikao vyote, na ndume mia wa nakala safi wanaweza kupita pembeni. Katiba, Ibara ya 69, inaiagiza Serikali kulinda rasilimali za kijenetiki na bayoanuwai, na Ibara ya 11 inalitaka Bunge kutunga sheria ya kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya asili. Mbegu na mimea zimetajwa. Mifugo haikutajwa. Kuna kanuni za 2006 zinazomtaka mtu anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na ridhaa ya wenyewe, na Sura ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inataka leseni kwa majaribio juu ya wanyama. Ni nzuri. Lakini aliyembana Maua sikio hakuonyesha hata kimoja, na hakuna askari, afisa wa mifugo wala mzee wa mtaa pale gatini ambaye angejua kumuuliza.

Tumewahi kuumwa na nyoka huyu. Vijidudu vilichotwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vimeng'enya vyake vikaenda kutumika viwandani ng'ambo kufifisha rangi ya suruali za jinsi, na Kenya ikaja kudai fungu lake baada ya miaka kupita. Vijidudu havina mwenyewe wa kumkata moyo. Punda anaye.

Kwa hiyo naliomba Bunge liitaje nakala kwa jina lake katika sheria, iwe imebadilishwa jeni au haikubadilishwa, na kwamba hakuna mnyama wa kufugwa au wa mwitu atakayenakiliwa nchini bila kibali kilichotangazwa wazi. Ulaya walijadili hili. Bunge lao lilipiga kura mwaka 2015 kutaka kunakili mifugo kupigwe marufuku, na wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kusema, tangu 2008, kwamba nyama na maziwa ya nakala za ng'ombe, nguruwe na mbuzi ni salama kama ya wengine. Sikuombeni mfuate huyu au yule. Nawaomba muwe na jambo lenu mliloliamua mkiwa macho.

Naomba seli hai za mifugo yetu zikichukuliwa, zihifadhiwe humu nchini, na mwenye mnyama apewe karatasi kwa Kiswahili inayosema zimechukuliwa na nani, zitakaa wapi, zitafanyiwa nini, na haki yake ni ipi akikataa kesho alichokubali leo. Naomba mama wa kubeba mimba awe na bima inayolipa mwenyewe, mimba ikitimia au isitimie. Na kaunti iandikishe punda wa Lamu na ng'ombe wa majirani zetu kwa koo zao wakati bado wako wengi, kazi ambayo vijana wangu wa kidato cha nne wanaweza kuianza wiki ijayo wakipewa daftari.

Nimalizie na polo, mchezo wa matajiri. Huko Ajentina bingwa Adolfo Cambiaso alicheza fainali ya 2016 akibadilisha farasi sita, wote nakala za jike wake mmoja, Cuartetera. Nilipomsimulia baba alinyamaza kidogo. Sisi tuna mbio za punda, na najua wapo wenye pesa watakaopenda kununua mshindi na kumfanya kumi. Kisha baba akaniuliza: huyo wa kumi, atajua kusimama mwenyewe penye mlango wa Bi Mwanaidi? Maana Maua husimama pale, kichochoroni, bila kuambiwa, tangu alipokuwa akimpelekea maji marehemu yule. Nyumba imeuzwa, mlango umebadilishwa, naye bado husimama.

Kidonda cha sikio kimepona. Limebaki tundu dogo, ukimsimamisha Maua juani utaona mwanga ukipita. Aliyelitoboa akisoma barua hii, baba yupo nyumbani kila siku baada ya alasiri, na karatasi ya kutia sahihi ataisoma yeye mwenyewe. Waheshimiwa, nanyi nawangoja mnijibu kwa maandishi.

Wasalaam,
Mwalimu wa bayolojia, Langoni, Lamu